Maji ya Kasuku

"Maji!"

Nahodha alifumba macho. Tangu boti itoke gatini, kasuku wa mama mkwe wake alikuwa amemtoa jasho. Mara tundu lifungwe kwenye nguzo lisiyumbe, mara lisogezwe kivulini, mara lifunikwe shuka, eti upepo utampa ndege mafua. Na kila kasuku alipopayuka "Maji!", kwa sauti ya fundi wa injini kule chini, aliyoiiga mpaka huwezi kuwatofautisha, nahodha mzima alifunga usukani kwa kamba akaenda kumnywesha.

"Mama, huyu ana tumbo au pipa?"

"Kiumbe hanyimwi maji, mwanangu."

"Maji! Maji jamani!"

"Sasa kaongeza na jamani!" Nahodha alikwapua kikombe cha bati. "Leo namtosa, akanywe bahari yote!"

Mama mkwe aliinua pembe ya shuka taratibu, kidole mdomoni.

"Punguza sauti, baba. Mwenzako amelala."

Kasuku alikuwa ameficha kichwa ubawani, ametulia tuli.

Chini ya sakafu, injini ilikohoa mara moja, ikanyamaza.