Beberu Asiyetoa Pole

Ugonjwa mgeni, ambao hata jina haukuwa nalo, uliingia mazizini. Mnyama alitoka malengelenge mdomoni, akatokwa na udenda, akakataa kula. Yangeyange, ndege anayefuatana na ng'ombe kutwa, akapewa kazi ya kuchunguza unatoka wapi na unaelekea wapi.

Akaruka zizi hadi zizi akiuliza. Kote jibu lilikuwa lile lile: fulani aliugua, majirani wakaenda kumpa pole, wakamlamba pua kama ilivyo desturi, wakarudi na ugonjwa nyumbani. Mzima alibaki mmoja tu, Beberu, ambaye hajapata kumjulia mwenzake hali.

"Basi mchawi ndiye yeye," alisema Fahali, mkubwa wa mazizi. "Mbona haumwi?"

"Haumwi kwa sababu haendi kwa wagonjwa, mzee. Ugonjwa mnaubeba nyinyi, puani."

Fahali aliona aibu. "Kumbe tumemsingizia. Twendeni tukamtake radhi."

"Mzee, hujanielewa," alisema Yangeyange, lakini wote walikwisha ondoka, udenda ukiwachuruzika.

Beberu aliwaona tangu mbali. "Nimeshawasamehe," alisema nyuma ya ua wake wa miiba. "Rudini."

Kwao, kuomba radhi kwa mbali ni utovu wa adabu. Wakausukuma ua, wakamlamba pua mmoja mmoja, Yangeyange akiwatazama kutoka juu.

Wiki haikwisha, Beberu naye akalala na malengelenge. Fahali alipopata habari alisikitika sana.

"Maskini," alisema. "Kesho asubuhi twende tukampe pole."