Mtu wa Kula Naye

Sindano ya kulegeza misuli ya koo walipewa wazee walioshindwa kumeza wenye mtu wa kula naye tu. Wapweke waliwekewa mpira wa kulishia tumboni. Bi Nakijwa alikuwa amemzika mumewe, Elinami, wiki tatu nyuma.

"Bibi, bado unakula na mzee?" muuguzi aliuliza.

"Bado, mwanangu. Kila siku."

Akadungwa. Siku ya nne alipika makande, akapakua sahani mbili, maana wakaguzi wa kliniki hupita mchana kuhakikisha mgonjwa hali peke yake. Kijiko cha kwanza kilishuka bila kukwama.

"Mzee, kimepita!" alisema, akainua uso. Kiti kilikuwa kitupu.

Hatua zikasikika uani. Akavuta sahani ya Elinami, akaanza kuila huku analia, ionekane mzee amekula na ametoka sasa hivi tu.