Kilomita za Kubaki

Kila nyumba hupewa tangi moja la petroli kwa mwaka, na pikipiki haiwaki mpaka ipige hesabu kwamba mafuta yatakupeleka na kukurudisha. Binti yetu Tusekile anaishi Sumbawanga. Kutoka hapa Mbeya, tangi linamtosha mtu mmoja.

Miaka minne tumejaribu kwenda wote wawili. Tunapanda, kioo kinaandika kwamba uzito umezidi, nami nashuka. Niliacha begi, nikaacha viatu, mwaka jana nikanyoa nywele. Bado tulipungukiwa kilomita tisa. Mume wangu Ambakisye alikwenda peke yake, akarudi na picha za mjukuu.

Leo asubuhi iliwaka mara moja. Kioo kiliandika kwamba tutafika, tutarudi, na kilomita kumi na mbili zitabaki.

"Umepunguza nini?" nilimuuliza.

"Panda twende, Mama Tusekile. Mtoto anatusubiri."

Nilimshika kiunoni kama zamani. Koti lilikuwa lilelile, lakini ndani yake mikono yangu ilizunguka mpaka vidole vikakutana, vikapitana. Nikakumbuka ni miezi mingapi amekuwa akisema ameshakula kazini.

Sikushuka.