Mara Arobaini na Moja

Siku hizo kitabu hakikupendekezwa kwa maneno matupu. Ukimtumia mwenzio riwaya uliyoimaliza, ilimfikia kwenye kishikwambi chake pamoja na mapigo ya moyo wako: nyekundu pale ulipopapatika, buluu pale ulipotulia, na pembeni idadi ya mara ulizourudia kila ukurasa.

Mwanakheri alikuwa amempendekezea mumewe riwaya chungu nzima za upelelezi. Shaibu hakufungua hata moja, ndiyo maana hakujua habari za rangi. Basi asubuhi ile aliposema, "Mama Nasra, nimekutumia hadithi tamu ajabu, isome leo leo," mkewe alifurahi hadi akaziacha chapati ziungue.

Ilimhusu mume anayempandisha mkewe juu ya paa wakatazame tangi la maji, kisha akamsukuma. Mwanakheri alisoma kwa raha zake hapo jikoni mpaka ukurasa ambao mwanamke anaanguka. Ukurasa mzima ulikuwa buluu, moyo umetulia kama wa mtu aliyelala. Pembeni paliandikwa: mara arobaini na moja.

Alikuwa bado ameukodolea macho Shaibu alipoita kutoka ngazini.

"Mama Nasra! Maji hayateremki kabisa. Hebu panda unishikie mfuniko wa tangi."

"Nakuja, Baba Nasra," alijibu.

Akanyoosha mkono taratibu, akafungua bomba. Maji yakabubujika tele.