Asali ya Kidonda

Mtoto wa Evelina alikuwa ameungua mkono kwa uji. Evelina alichovya kidole kwenye ndoo ya asali ya baba yake ili ampake, kama walivyofanya siku zote.

"Usimpake hiyo!" baba yake alifoka, akamdaka mkono.

Evelina alimkazia macho, kisha akanusa kidole. Kilinuka dawa ya kuua wadudu wa pamba, ile ambayo wafanyabiashara wapya waliwauzia bila maelezo wakulima wa Misungwi, jirani na mizinga ya baba.

"Baba, nyuki wako ni wazima?"

"Wamebaki wachache."

"Na yule mama uliyemuuzia sasa hivi, mwenye kidonda cha mguu?"

"Amekwenda stendi kupanda basi," baba alisema, akiangalia pembeni.

Evelina alimbeba mtoto, akatoka mbio kuelekea stendi ya Nyegezi.