Bwana Subiri

Kila Ijumaa asubuhi Msemaji alivaa shati la mikono mirefu, akafunga vifungo mpaka shingoni, akakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, nyuma ya pazia, na kuipigia simu Idara ya Maji.

Mkewe, mwenye saluni, hakumzuia. Kiti chenyewe kilikuwa hakina kazi. Tangu bomba la mtaa lipasuke, saluni yake ya chumba cha mbele iliishi kwa ndoo za kubeba kichwani kutoka mtaa wa pili, na hakuna mteja anayependa kuulizwa kama nywele zake zitatosheka na jagi moja. Wengi walikwishahamia kwa wifi yake, ambako maji yalitoka kama maneno ya mchongezi, bila kuombwa. Wifi hakumcheka. Alifanya baya zaidi: alimwonea huruma, akamwambia afunge saluni aje amwajiri.

"Wamesemaje leo?" mke aliuliza, mumewe alipotoka nyuma ya pazia.

"Wameniweka tu mpaka sikio likapata moto. Halafu simu ikakatika."

"Ikakatika tena?"

"Tena," alisema Msemaji, akafungua kifungo cha shingoni kama mtu aliyetoka mahakamani.

Jina hilo alipewa na majirani siku walipomchagua awasemee. Alikuwa karani mstaafu, mpole, mwenye subira ya kuku anayeatamia. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyejitolea kwanza, lakini watu walijua hasira zake huanzia mkononi, wakaogopa ataivunja simu. Basi ikawa Msemaji. Ajabu ni kwamba mkewe, kutoka upande wa pili wa pazia, hakuwahi kumsikia akisema hata halo.

Lawama zote zilimwangukia Bwana Subiri. Mtu huyo, sijui nani huko ofisini, alichoshwa na ule muziki wa vikengele unaopigwa mtu akisubirishwa kwenye simu, akaweka sauti yake mwenyewe. Kila wiki alichagua wimbo mpya, na kabla na baada ya wimbo alinung'unika: siasa, magoti, bei ya viatu, mkwe wake. Msemaji aliyaleta yote mezani.

"Nchi hii," alisema akipakua chakula, "imekuwa kama choo cha nyumba ya kupanga. Kila anayeingia anamlaumu aliyetoka."

"Umeyatoa wapi hayo?"

"Si kwa yule mpuuzi wao. Nifanyeje, mke wangu? Anayesubirishwa lazima asikie."

Mke alikasirika kwa niaba yake. Mtu mzima, mwenye mvi, anawekewa porojo kama mtoto anayebembelezwa alale, na huku shingo yake yeye imeanza kuingia mabegani kwa uzito wa ndoo. Wiki ile wifi alimletea aproni yenye jina la saluni yake, ati aijaribu tu. Ilimkaa vizuri. Alilia jikoni.

Ijumaa iliyofuata akaamua liwalo na liwe. Mkunga wa mtaa alikuwa amekuja kupakwa dawa ya kulainisha nywele, kwa huruma zaidi kuliko kwa haja, na maji ya kumsuuza yalikuwa nusu ndoo. Mke akamwita na kinyozi.

"Leo mtakuwa mashahidi," aliwaambia. Kisha akamgeukia mumewe. "Piga hapa mbele yetu, uweke spika. Wakikata, tunaenda ofisini kwao sote, na mkunga anaenda hivyo hivyo na dawa kichwani. Wamwone."

Mkunga hakupinga. Aliyepinga kidogo ni Msemaji. "Tukiwa wengi hatutasikia vizuri," alisema. Lakini akapiga, akaiweka simu juu ya meza ya vitana.

"Subiri kidogo, ndugu mteja," ilisema sauti nzito, ya mtu aliyekaa vibaya. "Wote wanahudumiwa isipokuwa mimi. Wimbo wa wiki hii ni wa bendi ya zamani. Mpiga tarumbeta alikuwa na pumu, ndiyo maana kabla ya kiitikio utamsikia akivuta pumzi. Wakubwa wetu nao wangevuta pumzi kabla ya kusema, nchi ingekuwa mbali."

Kinyozi alikunja ngumi. Wimbo ukaanza. Tarumbeta ilipanda taratibu, ikanyamaza, na kweli, pale kwenye kimya, mtu alivuta pumzi. Ngumi ya kinyozi ikafunguka yenyewe. Mke akajikuta ameketi.

"Inaanza kuniwasha," mkunga alinong'ona.

"Vumilia, mama," alisema mke. "Wanakaribia kukata."

"Umesikia pumzi ile?" Bwana Subiri alirudi. "Haya. Jana mkwe wangu kaja kuniambia anagombea ubunge. Nikamwambia, baba, wewe hata kuku wakikuona hawakimbii, taifa utalisukumaje? Akanywa maji yangu, glasi nzima. Halafu, unajua alinijibu nini?"

Watu wanne waliinama juu ya meza ya vitana.

"Idara ya Maji, habari za asubuhi," ilisema sauti ya binti, changamfu na yenye adabu. "Samahani kwa kukusubirisha. Fundi wetu yupo tayari. Ni mtaa gani, tafadhali?"

Kinyozi alimtazama mkunga, mkunga akamtazama mke, dawa ikimteremkia sikioni. Mke alifungua kinywa kutaja mtaa. Kisha akanyoosha kidole, akakata simu.

"Piga tena," alisema mkunga.

"Ndiyo shida yao hao," alisema Msemaji, akibonyeza namba upya. "Kila wiki wanapokea mapema mno."