Kiti Kimoja

Katika kila mkutano wa wauza mboga, Bi Zuhra alimfutia mwalimu Mwakio kiti kwa ncha ya kanga. Kilikuwa kimoja tu. Wauza mboga wenyewe walikaa mkekani. Jioni hiyo Mwakio aliwasomea maneno ya mwanamapinduzi mmoja mweusi wa zamani, kwamba ukombozi hauna bwana mkubwa. Alipoinua macho, aliwaona wote wanamtazama kutoka chini.

"Kesho manispaa wanabomoa vibanda vyetu," alisema Bi Zuhra. "Tuambie tufanye nini, mwalimu."

Mwakio aliona aibu. Miezi yote hiyo alikuwa amekikalia kiti kile. Akashuka, akajibana katikati yao.

"Semeni nyinyi, mama zangu."

Bi Zuhra aliinuka, akamfutia kiti tena, taratibu, na wote wakakitazama.